Mtu Mmoja Mwishoni mwa Bomba

Ofisini walimwita Mtabiri, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Kazi yake ilikuwa kusema maji ya mji yatakuwaje kabla hayajafika kwa mtu. Alikaa ghorofa ya juu ya jengo la idara ya maji, mbele ya kompyuta iliyokuwa ikikoroma kama mlinzi wa zamu, na ndani ya kompyuta hiyo alikuwa na mji mzima: matangi, mabomba makubwa, mabomba madogo, vali, na mamia ya nukta za buluu. Kila nukta ilikuwa nyumba au kikundi cha nyumba.

Modeli yenyewe, yaani huo mji wa ndani ya kompyuta, ukiondoa hesabu zake za kumtia mtu kizunguzungu, ilikuwa jambo la kueleweka. Klorini, dawa ya kuua vijidudu, inatiwa kwenye mtambo. Maji yanatoka na nguvu zake, na kadiri yanavyosafiri ndivyo klorini inavyokwisha njiani. Aliye karibu na tangi analalamika kwamba maji yananuka dawa. Aliye mbali, ambako bomba ni refu na watumiaji ni wachache, maji yake yanalala bombani siku hadi siku, klorini inaisha, na vijidudu vinapata makao. Kwa hiyo ukitaka kujua maji ya mtu ni salama kiasi gani, ni lazima ujue mambo mawili: yametoka mbali kiasi gani, na nyumbani kwake kuna watu wangapi wa kuyavuta. La kwanza liko kwenye ramani. La pili inabidi uende ukabishe hodi.

Mwenye kazi ya kubisha hodi alikuwa mtu wa makamo waliyemwita Kidonge, kwa sababu mfukoni hakukosa vile vidonge vya kupimia klorini. Unachota maji kwenye kichupa, unatumbukiza kidonge, unatikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo, na waridi likikolea ndivyo ilivyo nyingi. Yakibaki meupe, pole yako. Kidonge alipita mtaa kwa mtaa akipima maji na kuhesabu watu, na jioni alimletea Mtabiri alichokipata.

Siku alipofika kwenye nyumba ya mwisho kabisa ya bomba la mashariki, ile iliyo peke yake nyuma ya ukuta mrefu wa ghala, alipiga simu ofisini.

"Hodi nimepiga mpaka mkono umechoka," alisema. "Geti limefungwa. Maji nimeyachota kwenye bomba la nje, ila watu sijawahesabu. Nirudi kesho?"

"Usihangaike," Mtabiri alimjibu. "Nyumba hiyo naijua. Andika mmoja."

"Mmoja? Nyumba yote hii?"

"Mmoja."

Kidonge akaandika mmoja. Mkubwa akishasema mmoja, wewe ni nani uandike wawili?

Na kweli Mtabiri alikuwa akiijua nyumba hiyo. Aliijua jikoni na uani, alijua mlango upi unakwama wakati wa mvua na bomba lipi linatoa sauti ya kukohoa kabla ya kutoa maji. Ilikuwa nyumba ya mumewe. Alikuwa ameishi humo tangu siku ya ndoa mpaka siku aliyobeba sanduku lake, tuseme mpaka siku mumewe alipombebea, maana sanduku lile alilibeba mume mwenyewe hadi kwenye gari.

Hawakupata mtoto. Walihangaika hospitali hii na ile, vipimo vikasema hivi, vipimo vikasema vile, na mama mkwe akasema yake, ambayo hayakuhitaji vipimo. Nyumba ikaingia maneno. Watu wawili waliokuwa wakicheka jikoni mpaka chungu kinaungua wakawa wanapishana ukumbini kama wapangaji. Ndipo mume akasema, kwa sauti ya upole ambayo Mtabiri aliishika kama mtu anavyoshika ukingo wa kitanda gizani, "Nenda kwa mama yako ukapumzike kidogo. Nitakuja kukuchukua."

Hakuja. Hakumwacha wala hakumrudia. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, kisha mara mojamoja, kisha ikawa Mtabiri ndiye anayepiga. Katika mojawapo ya simu hizo alimuuliza nani anampikia siku hizi. "Ah, niko peke yangu tu," mume alisema. "Nyumba imekuwa kubwa kama ukumbi wa mikutano." Maneno hayo yalimuuma Mtabiri, na yalimfurahisha, na Mungu amsamehe, furaha ndiyo iliyozidi. Mtu mzima, msomi, anayekagua kila takwimu inayotua mezani kwake mpaka wenzake wanamkimbia, akalichukua neno la kwenye simu na kuliweka moyoni bila kulikagua. Alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akajiona anang'aa.

Kwa mama yake alilala kwenye chumba kidogo cha uani. Sanduku lilikaa nyuma ya mlango, na nguo zake zilikaa sandukuni. Alizitoa, akazivaa, akazifua, akazipiga pasi, akazirudisha palepale. Mama yake alikuwa amemwambia si mara moja kwamba kabatini mwake kuna nafasi. "Ya nini, Mama," alikuwa akijibu. "Zenyewe ni siku mbili tatu tu." Mama hakubishana naye. Siku mbili tatu zile zilikuwa zimekula misimu miwili ya mvua.

Sasa, modeli ilipokuwa karibu kukamilika, ukafika wakati wa kuilinganisha na vipimo vya kweli. Hiyo ndiyo sala ya watu wa kazi ile. Kompyuta inachora mstari wa klorini jinsi inavyodhani, kisha unaweka vipimo vya Kidonge juu yake, halafu unangoja kuona kama umeumbuka. Mkuu wa kitengo alikuja kusimama nyuma ya kiti cha Mtabiri. Huyu walimwita Desimali, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akitaja namba nzima. Bomba la kaskazini likakubali. La kusini likakubali. La mashariki likaanza vizuri, mtaa baada ya mtaa, kipimo baada ya kipimo, mpaka nukta ya mwisho. Pale modeli ilisema klorini imekwisha kabisa. Kichupa cha Kidonge kilikuwa kimesema waridi, tena waridi lililokolea.

"Hiki nini?" Desimali aliuliza.

Mtabiri alisema labda vidonge vimeharibika. Kidonge akatumwa na vidonge vipya, akarudi na waridi. Akatumwa na chombo kingine, akarudi na waridi. Mita ya nyumba ile ingemaliza ubishi, lakini ilikuwa imekufa zamani, tangu Mtabiri akiishi pale, na mumewe alikuwa akimtania kwamba mke ni wa idara ya maji na mita ni marehemu.

Desimali hakuwa mtu wa kufuta kipimo kwa sababu tu kinaharibu mchoro. Alivuta kiti, akakaa, akasema jambo lile taratibu. Kama modeli ni sahihi, basi itabidi waongeze dawa kwenye tangi, na watu wa karibu wavumilie harufu. Kama kipimo ndicho sahihi, hakuna haja. "Siwezi kuwatia dawa watu wa mji mzima kwa kubahatisha," alisema. "Na siwezi kumwacha huyo mtu wako wa mwisho anywe maji yasiyo na kinga. Nitafutie sababu."

Huyo mtu wako wa mwisho. Desimali hakujua anamsema nani, lakini Mtabiri alisikia joto usoni. Maana tayari alikuwa amemhangaikia. Siku modeli ilipomwonyesha kwa mara ya kwanza kwamba maji ya nyumba ile yanalala mno bombani, alimtumia mumewe ujumbe: asubuhi ukiamka, fungua bomba maji yamwagike kwanza, ndipo unywe. Mume alijibu, "Sawa, asante." Mtabiri alilisoma lile asante kwenye foleni ya benki, akalisoma jikoni kwa mama yake, na kabla ya kulala akalisoma tena.

Sababu zilizobaki zilikuwa mbili, na mtu yeyote wa kazi ile angezitaja bila kufikiri. Ama bomba limepasuka mahali na maji yanakimbilia ardhini, hivyo yanakuja mapya muda wote. Ama ndani ya nyumba kuna watu wanaotumia maji kuliko ilivyoandikwa. Mtabiri aliitaja ya kwanza. Ya pili ilimfika kooni, akaimeza.

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alitamani bomba liwe limepasuka. Alikaa mezani akiliombea mabaya bomba ambalo lilikuwa halijamkosea kitu. Aliwaza tope lililofichika chini ya ukuta wa ghala, ufa mdogo tu, kiungo kilicholegea. Angeweza kupiga simu na kuuliza, ni kweli. Simu ilikuwa palepale karibu na mkono wake. Lakini anayeuliza hujibiwa, na yeye hakutaka jibu, alitaka ufa.

Kidonge alikwenda na ile fimbo ya chuma ya kusikilizia mabomba, unaisimamisha juu ya bomba na kuweka sikio, na bomba linalovuja husikika likizomea chini kwa chini. Alisikiliza barabara yote ya nyuma ya ghala, akarudi kabla ya chakula cha mchana akifuta sikio kwa leso.

"Bomba ni zima," alisema. "Halina hata mnong'ono. Maji yale yananywewa, mama. Yana wenyewe mle ndani."

Mtabiri alimshukuru. Akasema kesho atakwenda yeye. Kidonge akamwangalia, kwa kuwa Mtabiri na kubeba mkoba wa vichupa walikuwa hawajaonana miaka.

Kesho yake alipiga moyo konde na kwenda. Alivaa koti la kazi lenye nembo ya idara mgongoni, ingawa jua lilikuwa kali. Barabara ya nyuma ya ghala haikuwa imebadilika, na geti lilikuwa na kutu ileile mahali palepale. Alibisha. Kwa ndani alisikia ndoo ikiwekwa chini, kisha kandambili zikija.

Aliyefungua alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko. Na huyu walikuwa wameshibana. Walisukana nywele kwenye baraza ile, wakawasengenya majirani wasiokuwepo, wakalia pamoja siku ya kipimo cha mwisho cha hospitali. Wifi alimwona, na uso wake ukasawijika. Nyuma yake, kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya jiko, kamba ilikuwa imejaa nepi nyeupe. Nyingine zilikuwa bado zinachuruzika.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mama mkwe, sauti ambayo Mtabiri angeitambua hata chini ya maji, ikiuliza nani huyo.

Wifi akajibu bila kugeuka.

"Watu wa maji, Mama."

Basi akawa watu wa maji. Alijikaza, akaingia uani kwake kama mgeni, na hapo akatokea jikoni mwanamke kijana, kitenge kifuani, mtoto begani. Hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo lilimkata Mtabiri maini kuliko kila kitu. Heri angekuwa na kiburi. Heri angemjua. Yule kijana alipiga goti kidogo kwa heshima, kama mtu anavyomsalimu mkubwa wake.

"Shikamoo dada. Mmekuja kwa ajili ya mita? Baba mtoto alisema iliharibika zamani."

"Marahaba," Mtabiri alisema. "Nimekuja kupima maji."

Akakaribishwa jikoni. Lile bomba la kukohoa lilikuwa halikohoi tena. Alilifungua, na maji yakatoka palepale, baridi, mepesi, bila ile ladha ya chuma waliyoizoea yeye na mumewe, enzi walipokuwa wawili na asubuhi walisimama hapa wakiyamwaga maji yaliyolala, huku mume akisema tunayaamsha. Alikinga kichupa. Akatumbukiza kidonge. Akakitikisa kichupa. Maji yakageuka waridi mbele ya macho yao, waridi zuri, la kupendeza, na Mtabiri akalitazama kama mtu anayesomewa hukumu.

"Rangi nzuri," yule kijana alisema, akimsogeza mtoto ili naye aone. "Ni salama kwa huyu?"

Lingekuwa jambo dogo kukaa kimya. Angeweza kukunja uso, akamwachia mwenzake wasiwasi wa wiki nzima. Lakini kazi ni kazi, na mtoto ni mtoto.

"Ni salama," alisema. "Maji yenu ni mazuri. Yanatumika sana, ndiyo maana hayalali bombani." Akakiweka kichupa kando. "Mko wangapi humu?"

Yule kijana akahesabu kwa kidole, kwa furaha ya mtu aliyepewa swali jepesi: yeye, baba mtoto, mama, wifi. "Na huyu, kama anahesabiwa."

"Anahesabiwa."

"Basi watano. Tena huyu ndiye anayemaliza maji kuliko sisi wote." Akacheka. Mtoto alikuwa na masikio ya baba yake, yale yale yaliyochomoza kidogo juu. Mtabiri aliwahi kuyatania masikio hayo mara nyingi, na zaidi ya mara moja alikuwa ameomba kwa Mungu mtoto mwenye masikio kama hayo. Akafunga mkoba.

Wifi alimsindikiza hadi nje ya geti na kulirudishia nyuma yao. Povu lilikuwa limemkaukia mikononi.

"Wifi, kaka alituapia kwamba amekwambia," alisema kwa sauti ya chini. "Alisema mmekubaliana. Alisema ni wewe uliyemruhusu."

Mtabiri alitaka kuuliza tangu lini, na akagundua kwamba hana haja, kwa kuwa mtoto wa ukubwa ule alikuwa na jibu lake mwenyewe. Alimwona mumewe kwenye ile simu, akisema niko peke yangu, na kando yake pengine mtu akimenya kitunguu.

"Usimwambie nimekuja," alisema. "Akiuliza, walikuja watu wa maji."

Wifi akaanza kulia. Mtabiri akamshika bega, akambembeleza yeye, aliyekuja kuvunjikiwa moyo ndiye akawa mbembelezaji, kisha akaondoka akifuata ukuta wa ghala. Mbele kidogo alisimama, akaegemeza paji la uso kwenye matofali, na akalia mpaka koti la kazi likalowa kifuani. Chini ya miguu yake lilipita lile bomba, zima, lisilo na hata ufa.

Ofisini alinawa uso, akakaa, akafungua modeli. Akaitafuta nukta ya mwisho ya bomba la mashariki. Kwenye kisanduku cha idadi ya watu palikuwa na moja. Aliitazama ile moja muda mrefu. Ilikuwa imekaa pale kwa uaminifu kama yeye mwenyewe. Akaifuta, akaandika tano, akaamuru hesabu irudiwe, na ile kompyuta ya kukoroma ikakoroma.

Mstari ukapanda. Ukapita juu ya kipimo cha kwanza cha Kidonge, na cha pili, na cha tatu, na kile chake cha asubuhi, bila kukosa hata kimoja. Desimali aliitwa, akaja, akavua miwani, akaivaa tena. Alifurahi mpaka akamwita katibu muhtasi aje aone, mwanamke wa watu ambaye hakujua anaangalia nini. Dawa isingeongezwa. Mji mzima ungekunywa vizuri.

"Kumbe uliweka mtu mmoja pale," alisema. "Huyo mmoja ulimtoa wapi?"

"Niliweka mwenyewe. Nilidhani naijua nyumba."

"Siku nyingine hata nyumba unayoijua, bisha hodi," Desimali alisema, kwa upole kabisa, maana alikuwa mtu mwema na hakujua. Mtabiri akasema ndiyo, atabisha.

Jioni alimkuta mama yake chumbani kwake akikunja shuka. Aliingia akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti. Mama alimtazama macho, akamtazama koti, akaendelea kukunja.

"Mama," Mtabiri alisema, "ile nafasi ya kabatini bado ipo?"

Mama aliiweka shuka chini. Akaenda kwenye kabati, akafungua mlango wa kushoto. Mtabiri alikuwa akidhani atamwona akihamisha mablanketi, akipunguza nguo zake, akijibana kumpisha. Lakini hakukuwa na cha kuhamisha. Upande wote ule ulikuwa mtupu, rafu zimetandikwa kitambaa safi, viango vya nguo vimepangwa, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimeshaanza kupauka kwa kungoja.

"Ipo, mwanangu," mama alisema. "Kalete sanduku."